UZI MAALUMU: Raifo za kijeshi za kale (Mauser 71, Mauser 98, .303) – namna ya kukagua na kutengeneza kabla ya risasi ya kwanza

Jiliwa_Baridi

Wakuu salaam. Kila baada ya muda mtu anaibuka humu: "nina raifo ya marehemu babu, ya Mjerumani, ina leseni, je inapiga?" Anajibiwa "inapiga mkuu, chuma cha Mjerumani hakifi". Kinakufa. Tena kinakufa kimyakimya, nje kinang'aa kwa mafuta huku ndani ya chemba (pale risasi inapokaa, nyuma ya mtutu) kuna shimo. Tuweke mambo yote hapa ili tusirudie.

Kwanza sheria, tuimalize. Uzi huu unamhusu mwenye leseni chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na namba iliyo kwenye leseni iwe ileile iliyogongwa kwenye bodi ya raifo, kile chuma kinachoshika mtutu na bolti. Aliyeikuta darini, kwenye boma bovu au imefukuliwa na jembe, asiivute bolti (chuma chenye mkono kinachofunga chemba) wala kuisafisha. Aiache ilipo, aite polisi. Kuna raifo zilizozikwa zikiwa na risasi chemba, na fataki ya zamani, kile kidonge kitakoni mwa risasi kinachowasha baruti, haina adabu. Kutengeneza ni kazi ya fundi silaha mwenye kibali. Usiipeleke Mwanjelwa pale Mbeya kwa kijana wa mashine ya kukereza eti "nyoosha hapa". Utampa kesi yeye, na wewe utabaki na yako.

Nyanda za Juu Kusini utakutana na aina tatu zaidi ya nyingine. Ya kwanza ni Mauser 71 ya risasi moja moja, inayotumia baruti nyeusi, ndiyo waliyobeba askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani huku kwetu, hadi vita vya 1914. Ya pili ni Mauser 98 ya risasi ya 7.92x57 (kipenyo na urefu wa ganda kwa milimita). Ya tatu ni .303 za Mwingereza, zilizoingia na jeshi la Jenerali Northey wa Mwingereza kutoka upande wa Rhodesia na Nyasaland mwaka 1916, na nyingine zikaja baadaye sana. Usianze na mti (mbao za raifo), usianze na kutu ya nje. Anza na mambo yanayoweza kukutoa jicho.

Ondoa bolti, hakikisha chemba na magazini ni tupu, kisha tazama ndani ya mtutu. Kabla ya kuingiza brashi, pitisha kijiti laini cha mbao taratibu. Nyigu wa udongo hupenda kujenga humo, na udongo wao ukikauka unashika kama saruji. Mtu akifyatua juu yake, mtutu unavimba. Uvimbe unaonekana ndani kama pete nyeusi inayozunguka, na nje utausikia ukitelezesha vidole viwili kando ya mtutu uliotolewa kwenye mti. Pete hiyo ikiwepo, mtutu huo hauna kazi tena ya kupiga. Hakuna fundi wa kuurudisha.

Halafu nyufa. Njia yetu ya vumbini inafanya kazi vizuri: loweka bolti na sehemu ya mbele ya bodi kwenye mafuta ya taa usiku kucha, futa mpaka ikauke kabisa, kisha nyunyiza unga wa chaki. Subiri nusu saa. Penye ufa mafuta yatachuruzika nje na kuchora mstari mwembamba uliolowa kwenye chaki. Angalia hasa kwenye shina la meno ya bolti, nyuma ya meno hayo, na kwenye pete ya bodi pale mtutu unapoingia. Ukiona mstari, imekwisha. Usikubali mtu akuambie atachomelea. Bodi za wakati ule ni chuma laini kiasi kilichotiwa ngozi ngumu juu kwa moto. Ngozi hiyo ni nyembamba sana. Ukipitisha welding pale, umeilainisha, na risasi inayofuata inasukuma meno nyuma kidogo kidogo mpaka siku moja isibaki nafasi salama.

Hiyo hali ya meno kusukumwa nyuma unaweza kuipima bila vifaa vingi. Pitisha nyuma ya meno ya bolti juu ya moshi wa koroboi mpaka yawe meusi, ingiza bolti kwa uangalifu, ifunge na kuifungua mara moja ukiivuta nyuma kidogo. Masizi yafutike kwenye meno yote mawili. Yakifutika kwenye jino moja tu, jino hilo ndilo linabeba mzigo wote. Na bolti ikifunga kwa ulaini lakini inanyanyuka kwa kukwama, kuna shimo limechimbika kwenye bodi pale jino linapokaa.

Hedispesi, yaani nafasi inayobaki kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda likiwa limekaa chemba, inapimwa kwa geji. Bolti ifunge kwenye geji ya kupita, ikatae ile ya kutopita. Kuna watu wanabandika utepe wa plastiki nyuma ya ganda tupu na kukisia. Utepe unabonyea, geji haibonyei. Kwa Mauser 98 yenye namba ya bolti isiyolingana na ya bodi, bila geji usijaribu kabisa. Raifo nyingi zilikusanywa rundo moja baada ya vita na bolti zikarudishwa kiholela.

Mwisho kwa leo: pima kipenyo halisi cha mtutu. Chukua risasi laini (lead ya kuvulia samaki inatosha), iwe kubwa kidogo kuliko tundu, paka mafuta mtutu, igonge kutoka mdomoni kwa fimbo ya shaba au ya mbao mpaka itoke upande wa chemba. Pima kwa maikromita pale palipotuna, maana ndipo pa mifereji, ile mistari iliyochongwa ndani ya mtutu (palipoinuka kati yake ni matuta). Kwa 7.92 jambo hili ni la uhai. Kuna mitutu ya zamani ya vichwa vya 8.1 mm na ya baadaye ya 8.2 mm, na risasi zote mbili kwa nje zinafanana. Kichwa kinene kikiingia kwenye mtutu mwembamba, shinikizo linapanda vibaya. Ndiyo maana Wamarekani hutengeneza risasi za 8 mm Mauser zenye nguvu ndogo kuliko za Ulaya, wakijua mtu atakosea tu.

---

Kalenga1891

Mkuu umeanza vizuri. Niongeze upande wa 71, maana huku Iringa ndiyo inayozungumzwa kuliko zote. Pale Lugalo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mjerumani chini ya Zelewski lilipovunjwa, Wahehe waliondoka na bunduki takriban 300. Kwa hiyo mtu akiwa na 71 yenye asili ya kueleweka huku kwetu, ushauri wangu wa kwanza ni asiipige kabisa. Azungumze na makumbusho, iwe ya Kalenga au ya Boma pale mjini. Alama ndogo zilizogongwa kwenye kitako na pete ndizo zinazoeleza ilikotoka, na hizo ndizo mafundi huzisugua kwanza wakitaka ing'ae.

Kwa aliye na ya kawaida na leseni yake safi, ajue hii si Mauser 98 yenye risasi moja. Ni mashine tofauti. Bolti ya 71 inafungwa na kitu kimoja tu, ule ubavu mnene wa shina la mkono unaokaa mbele ya daraja la bodi upande wa kulia. Haina meno mbele. Kagua pale ubavu unapogusa daraja: kukiwa na makali yaliyopinda au kung'aa upande mmoja, ndiyo dalili ya kuchoka.

Bolti haizuiwi na kitufe. Kuna washa nene iliyoshikwa na skrubu kwenye ubavu wenyewe, hiyo ndiyo inayozuia bolti isitoke nyuma. Ikilegea, bolti yote inakuja mkononi. Kichwa cha bolti nacho ni kipande cha peke yake na ukucha wa kuvutia ganda umekaa humo. Kikipotea, bolti bado inaweza kuonekana nzima kwa asiyejua. Na hakuna cha kurusha ganda nje, unavuta nyuma kisha unapindua raifo upande ganda lidondoke. Mtu asije akadhani imeharibika akaanza kuchonga.

Risasi yake ni 11 mm, ganda la milimita 60 lenye ukingo uliotokeza kitakoni, baruti nyeusi gramu 5 na kichwa cha risasi laini cha gramu 25 hivi. Mwendo wake ni mita 430 kwa sekunde au zaidi kidogo. Baruti isiyo na moshi hapana. Hata "kidogo tu" hapana. Baruti nyeusi inasukuma, ile nyingine inapanda ghafla, na ubavu mmoja haukubuniwa kwa hilo.

---

Chunya_Kwetu

Ahsanteni wakuu. Mimi nina .303, pete ya kitako ina taji, G.R., Enfield, 1917, SHT. L.E. III na nyota (yaani Lee-Enfield fupi, aina ya III). Leseni ipo, ni ya kulinda shamba, nguruwe pori wanamaliza mahindi. Namba ya bodi na ya bolti zinalingana. Shida tatu: mti wa mbele una ufa pale nyuma karibu na trigga, kitako kinacheza, na risasi zinatawanyika hata kwa mita 50. Fundi mmoja ameniambia nikaze tu skrubu ya kitako kwa bisibisi ndefu. Nikaze?

---

Nyasa_Juu

Usikaze! Kaka, hiyo skrubu ya kitako kwenye III na III nyota ina ncha ya mraba inayotokeza mbele na kuingia kwenye kibati kilicho ndani ya mti wa mbele. Ukiizungusha mti wa mbele ukiwa umefungwa, ile ncha inazunguka humo humo na kupasua mti. Nusu ya nyufa za namna yako zimetokea hivyo. Utaratibu ni huu: toa kofia ya mbele, pete, skrubu kubwa ya mbele ya trigga, toa mti wa mbele kwa kuuvuta chini sawasawa bila kuupinda, ndipo ukaze kitako. Ukimaliza, hakikisha mraba umekaa sambamba na bodi ili kibati kiingie bila kulazimisha.

Kabla ya hapo tafuta alama mbili kwenye bodi na mtutu. DP maana yake ilishushwa kuwa ya mazoezi ya gwaride, haikukusudiwa kufyatua tena. EY ni ya dharura tu, mara nyingi ilitumika kurushia makombora ya mkono, na nyingine utaziona zimezungushiwa waya mbele. Ukiona mojawapo, acha habari ya kuipiga.

Hedispesi ya .303 inakaa kwenye ule ukingo wa kitako cha ganda, si kwenye bega kama Mauser. Kipimo cha kijeshi ni inchi 0.064 hadi 0.074, yaani milimita 1.63 hadi 1.88. Kichwa cha bolti kinafungwa kwa uzi wa skrubu: kizungushe kwa mkono mpaka kigote, kikae sawa na mbavu ya bolti. Kikipita zaidi ya digrii 20 hivi kutoka kwenye mstari, uzi umeliwa. Watu wanasikia kwamba kuna vichwa vyenye namba 0, 1, 2, 3 vya kurekebisha nafasi, wanatafuta huko. Hivyo ni vya No.4, aina ya .303 ya baadaye, havihusiani na raifo yako. Kwenye III kichwa kinachaguliwa na kulinganishwa na fundi, kimoja kimoja.

Kutawanyika sasa. Angalia mdomo wa mtutu. Mwingereza alisafisha kwa kamba yenye uzito, askari anavuta kutoka mdomoni, na kamba yenye mchanga ni tupa. Tazama mdomo kwa lenzi: kama tundu limekuwa yai badala ya duara, kamba ndiyo iliyofanya hivyo. Chukua risasi moja isiyo na baruti (ganda tupu lenye kichwa tu, muuzaji mwenye leseni ataandaa), ichomeke kichwa-chini mdomoni. Kwa mtutu mzima ganda linasimama mbali kidogo na mdomo wa chuma. Likizama mpaka shingo ya ganda ikagusa chuma, mdomo umechakaa. Fundi mwenye kibali anaweza kupanua tundu kwa ndani milimita chache ili risasi iagane na mtutu pale penye duara safi. Hiyo ni bora kuliko kukata mtutu, maana hukati urefu wala hugusi kofia ya mbele.

Mitutu ya wakati wa vita inatofautiana sana, mifereji kutoka inchi 0.312 hadi 0.318. Na kwa kuwa ina mifereji mitano, risasi laini uliyoigonga haina pande mbili zinazotazamana, kaliperi ya kawaida inadanganya. Izungushe ndani ya taya za maikromita ukitafuta kipimo kikubwa kabisa.

---

Mti_wa_Mninga

Upande wa mti niachieni mimi.

Chunya_Kwetu, ufa wako uko pale ambapo mti wa mbele unasukuma bodi wakati wa mtikiso. Kwenye .303 kuna mabega mawili madogo ya mbao nyuma, kulia na kushoto, yanayopokea nguvu yote. Yakibonyea au kuoza kwa mafuta, bodi inarudi nyuma milimita moja kabla ya kukutana na kitu, na mbao inapasuka. Kuziba ufa bila kutengeneza mabega ni kupaka rangi nyumba isiyo na msingi.

Kwanza toa mafuta. Miaka mia ya mafuta ya injini imezama humo na gundi haishiki. Paka unga wa chaki uliokorogwa na asetoni uwe uji mzito, weka juani. Unga unageuka kahawia. Kwangua, rudia, mpaka unga ubaki mweupe. Kwa baridi ya Makete au Mufindi jua la Julai halitoshi, weka karibu na jiko, si juu yake.

Kisha chonga mabega mabovu kwa patasi kali mpaka ufike kwenye mbao hai, na utie vipande vipya. Mti wa asili ni mjozi (walnut) au mbao nyingine ya huko kwao, sisi tuna mninga. Mkavu wa miaka, si ule uliopasuliwa juzi. Mninga haujipindi sana ukikauka, na rangi yake inakaribia. Mpingo ni mgumu kupita kiasi kwa kazi hii, wenyewe hautabonyea, utaipasua jirani yake. Nyuzi za kipande zielekee mbele na nyuma. Gundi iwe epoksi ya mirija miwili ya kukauka taratibu, ile ya saa 24, ya dakika 5 inakuwa tete. Kwa ufa wenyewe, upanue kidogo kwa kabari nyembamba, sukuma gundi kwa sindano isiyo na ncha, funga kwa mpira wa baiskeli uliokatwa utepe. Mpira unabana sawasawa pande zote kuliko jiliwa.

Mbonyeo mdogo usiusugue. Kitambaa chenye maji, pasi ya mkaa yenye moto wa wastani, mvuke unainua nyuzi za mbao zenyewe. Malizia kwa mafuta ya kitani yaliyochemshwa, nyembamba, unafuta yanayobaki baada ya robo saa. Vanishi ya milango itaonekana siku ya kwanza tu.

Mti uliobunguliwa na wadudu mpaka ukaacha vitundu na unga, ugonge kwa kucha ukisikiliza. Ukilia mfu kwenye shingo ya kitako, badilisha wote.

---

Uyole_B

Mkuu hapo juu nakuunga mkono ila umesahau: nyuma ya mkia wa bodi lazima uache nafasi kama nusu milimita, isipokuwa hivyo shingo inapasuka. Nimeona Mauser kadhaa zimepasuka hapo.

---

Mti_wa_Mninga

Kwa Mauser ni kweli kabisa. Mkia wa bodi usiguse mbao nyuma, nguvu yote ipokelewe na lile jino kubwa chini ya bodi, mbele, linalokaa kwenye mti. Kama lile jino limechimba mbao, rekebisha hapo kwa epoksi, kisha uache nafasi mkiani. Kwa .303 kinyume chake, mabega ya mti wa mbele yaguse na yakaze. Ukiacha nafasi umeharibu. Watu wanachukua dawa ya raifo moja na kuipa nyingine.

Na skrubu za Mauser 98 chini ya trigga, kila kubwa ina ndogo pembeni inayoifunga isizunguke. Toa ndogo kwanza. Nyingi zimeng'olewa vichwa kwa sababu mtu aliizungusha kubwa tu. Bisibisi ya kununua ina ncha iliyochongoka pembeni. Inoe iwe sambamba, ijaze mfereji wa skrubu wote. Skrubu iliyoshika, tia mchanganyiko nusu kwa nusu wa mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni, acha wiki, kisha gusisha pasi ya kulehemu ya umeme yenye moto juu ya kichwa cha skrubu kabla ya kuzungusha.

---

Chunya_Kwetu

Nimeelewa kitako. Kuhusu usafi, mtutu una weusi na vishimo vidogo. Risasi nilizopewa ni za zamani za jeshi. Natosha na dizeli?

---

Nyasa_Juu

Hapana. Fataki za zamani za kijeshi zina chumvi. Zikifyatuka zinaacha chumvi aina ya kloraidi ya potasiamu ndani ya mtutu, chemba na uso wa bolti. Chumvi hiyo inavuta unyevu hewani, na mafuta, dizeli wala petroli haviiyeyushi. Vinaifunika tu, inaendelea kula chuma chini ya mafuta. Kinachoiyeyusha ni maji. Siku hiyohiyo ya kupiga, kabla ya chakula cha jioni: toa bolti, weka faneli yenye bomba refu chemba ili maji yasiingie kwenye mti, mimina maji yanayochemka lita moja hivi, mdomo ukitazama chini. Mtutu unapata moto na kujikausha wenyewe. Osha uso wa bolti na ukucha. Futa na vitambaa vikavu mpaka vitoke vyeupe, ndipo mafuta mepesi. Kesho yake pitisha kitambaa tena.

Kwa hali ya hewa ya Tukuyu, kunakonyesha zaidi ya milimita 2000 kwa mwaka, usihifadhi kwenye mfuko wa ngozi wala kitambaa ndani ya kabati la chuma. Ngozi inashika unyevu, na dawa iliyotumika kuilainisha inakula chuma. Isimame mdomo ukiwa chini, mafuta yasishuke kwenye shingo ya mti.

Vishimo vidogo katikati ya mtutu, matuta yakiwa bado yana makali, si mwisho wa dunia. Raifo itachafuka haraka na kutawanya kidogo. Vishimo ndani ya chemba ni jambo jingine: ganda linajitanua humo, linashika, ukucha unakatika au kitako cha ganda kinang'oka.

Kutu nyekundu ya nje usiisugue kwa msasa. Chemsha kipande kisicho na mti kwenye maji safi ya mvua dakika 30. Kutu nyekundu inageuka nyeusi, kisha inatoka kwa nyuzi laini za chuma na alama zinabaki. Mbeya maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa ajili ya mwinuko, ongeza dakika kumi. Na namba ya bodi usiiguse kabisa. Namba iliyofutika kwa msasa polisi hawaitofautishi na iliyofutwa kwa makusudi.

---

Uyole_B

Mzee mmoja wa hapa anasema njia rahisi ni kufunga raifo kwenye tairi, kamba ndefu kwenye trigga, piga moja. Ikibaki nzima, ni salama.

---

Jiliwa_Baridi

Tairi na kamba ni sawa kwa kukulinda wewe. Kosa liko kwenye hukumu. Risasi moja iliyopita inathibitisha kwamba risasi hiyo moja imepita, basi. Faida yake ni ganda unaloliokota. Ganda ndilo linaloeleza.

Tufuate hivi, uwanja ulioruhusiwa na wenye kibali wakiwepo. Kwanza jaribio la mtikiso bila risasi: vuta bolti, fungua usalama, piga kitako chini kwenye kipande cha tairi mara kadhaa kwa nguvu ya wastani. Ikijifyatua, kishikio cha trigga kimechakaa. Kibadilishwe, kisisuguliwe, maana ngozi ngumu ni nyembamba pale kuliko mahali pengine popote. Pia angalia ncha ya pini inayogonga fataki: iwe ya mviringo na laini. Iliyochongoka au yenye shimo inatoboa fataki na gesi inarudi usoni.

Kisha risasi mpya ya kiwandani, ya aina iliyothibitishwa na kipimo cha mtutu, moja tu chemba, magazini tupu. Raifo imefungwa kwenye tairi, kamba ya mita kumi na zaidi, wewe nyuma ya kizuizi. Usifungue bolti mara moja. Isipolia, subiri dakika nzima au zaidi.

Toa ganda. Kama fataki imetokeza nje kuliko kitako, hedispesi ni kubwa. Kama imebanjuka mpaka kingo zimejaa, au bolti imenyanyuka kwa shida, shinikizo ni kubwa na urudi kwenye kipenyo cha mtutu. Masizi meusi karibu na fataki ni gesi inayovuja. Kwa ganda la Mauser, tazama milimita 10 hivi juu ya kitako: pete inayong'aa ni ganda linaloanza kukatika. Nyoosha waya mwembamba, kunja ncha yake kama ndoano ndogo, ipitishe ndani ya ganda ukikwaruza ukuta kutoka chini kwenda juu. Ukihisi ncha inadumbukia kwenye mfereji, ganda limevutika na raifo hiyo isipigwe tena hadi hedispesi irekebishwe. Kwa .303 ganda kutuna kidogo juu ya kitako ni kawaida, chemba za vita zilichongwa kwa upana ili risasi zenye matope ziingie.

Rudia kwa risasi kadhaa, kila ganda litazamwe kabla ya inayofuata. Hapo ndipo bega lako liingie.

---

Uyole_B

Shukrani mkuu. La mwisho: Mauser 98, namba zote zinalingana, geji imekubali, maganda safi. Kwa mita 100 inapiga juu ya alama zaidi ya kiganja kizima, na kilenga cha nyuma kiko chini kabisa. Fundi anataka kuchonga kilenga cha mbele.

---

Jiliwa_Baridi

Akichonga cha mbele itapiga juu zaidi. Mbele ikishuka, mdomo unapanda. Na raifo haina kosa: kilenga cha nyuma cha 98 ya vita kinaanza mita 400 na kwenda hadi 2000, kwa hiyo kwa mita 100 kupiga juu sentimita 30 hivi au zaidi ndivyo ilivyokusudiwa. Askari alifundishwa kulenga chini, kwenye mkanda.

Dawa ni kilenga cha mbele kirefu zaidi. Kile cha asili kinatelezeshwa upande kwa panchi ya shaba, weka alama ya penseli pale kilipokuwa, toa, kihifadhi. Kipya kiwe kirefu kupita kiasi, kisha kichongwe kidogo kidogo uwanjani mpaka kifike. Kukokotoa urefu: zidisha sentimita unazopiga juu kwa umbali kati ya vilenga viwili, gawanya kwa umbali wa shabaha, vyote kwa kipimo kimoja. Umbali kati ya vilenga upime kwenye raifo yako. Ukiwa milimita 600 na unapiga juu milimita 300 kwa mita 100, unahitaji milimita 1.8 ya ziada. Agiza chenye milimita 2.5, upate nafasi ya kuchonga.

---

Uyole_B

Nimepima, milimita 648. Naagiza chenye nyongeza ya 2.5 kupitia kwa muuzaji mwenye leseni.

---

Jiliwa_Baridi

Kwa 648 hesabu inatoka 1.9 na kidogo, 2.5 inatosha. Mwambie fundi achonge juu tu, bapa, pande asiguse.